Maboksi ya asali si tofali

Kila niliyemuuliza namna ya kupanga maboksi juu ya chaga, yaani jukwaa la mbao la kubebea mzigo, alinijibu kitu kilekile: panga kama tofali, kila safu ikate maungio ya iliyo chini. Msimamizi wa ghala tulilokodi Dar es Salaam alishikilia hivyohivyo, tukamfuata. Shehena ile ya chupa za asali kutoka Tabora ilisimama imara, ukiisukuma haitikisiki. Haikupita wiki safu ya chini ikabonyea, vifuniko vikaachia, asali ikachuruzika hadi sakafuni na sisimizi wakahamia.

Ushauri huu unawatia watu hasara, nausema waziwazi. Nguvu ya boksi iko kwenye kona zake nne. Ukipanga kama tofali, kona ya boksi la juu inakalia katikati ya lile la chini, mahali palipolegea. Ongeza unyevu wa Dar unaolainisha karatasi. Kona ikikaa juu ya kona, uzito unashuka wima mpaka kwenye mbao.

Ni kweli mpango huo huyumba. Dawa yake niliipata kwa kujaribu: safu zote kona kwa kona, ya juu kabisa peke yake ndiyo ikate maungio. Kisha funga mzigo kwa nailoni. Anzia chini, uizungushe pamoja na mbao za chaga yenyewe mara kadhaa ndipo upande nayo hadi juu. La sivyo lori likikata kona, mzigo mzima unateleza.

Ninachojivunia hasa ni boksi lenyewe. Nilimwagiza mtengenezaji alikate sentimita 40 kwa 30. Chaga ya Ulaya, 80 kwa 120, inabeba manane kwa safu bila upenyo. Ile ya 100 kwa 120 inabeba kumi. Hakuna linalochomoza nje. Boksi likichomoza hata vidole viwili, kona za upande huo hazibebi kitu.

Chaga za kwenda nje ya nchi ziwe na mhuri wa HT: mbao zimepashwa joto nyuzi 56 hadi kiini kwa nusu saa. Za mtaani ni rahisi, ziache ghalani.

Nailoni haikunigharimu hata bei ya boksi moja la asali. Kontena la futi 20 linaingiza chaga 11 za Ulaya sakafuni, na foko, gari la kunyanyulia chaga, inazimaliza asubuhi moja. Wakitaka kupandisha chaga nyingine juu ya chupa zako, kataa, hata wakikuapia.