Niling'oa maharage yakiwa bado yananyonya

Msimu uliopita nilifanya kosa ambalo nikilikumbuka bado naumia. Nilikuwa na nusu eka ya maharage aina ya Njano Uyole huku Uyole, Mbeya, mwezi wa sita ndo unaanza, maganda yameanza kugeuka manjano lakini majani bado mabichi kabisa, akapita mnunuzi na bei nzuri akasema anapakia wiki hiyohiyo, basi nikaita vijana tukang'oa shamba lote tukaanika. Yalipokauka yakasinyaa, ngozi imejikunja, punje nyepesi, mnunuzi akakataa mengi. Niliyobakiza kwa mbegu nikapanda mwezi wa kumi na moja, yakaota machache na miche yenyewe dhaifu.

Mama mkubwa alichota kiganja kimoja, akayatazama, akasema, "Mwanangu, umeyaachisha ziwa mapema."

Hilo neno lilinikaa kichwani nikaanza kusoma, na kumbe alikuwa sahihi kabisa. Chukua haragwe, loweka usiku mzima, vua ngozi, litafunguka vipande viwili. Wengi tunajua vile vipande ni chakula na mmea ni kale kadude kadogo kalikokaa katikati. Hapana, vyote ni kiinitete, yaani mmea mtoto, vile vipande viwili ni majani yake ya kwanza, zile kotiledoni za shuleni, kwa hiyo mtoto anabeba chakula ndani ya mwili wake mwenyewe. Ngozi ndo ya mmea mama. Na pale kwenye ngozi kuna kakovu, hicho ni kitovu kweli kweli, ndipo punje ilipokuwa imeshikia ganda. Sukari inatoka kwenye majani, inashuka kwenye mirija, inapita kitovuni, inasambaa kwenye ngozi, afu mirija inaishia hapohapo, hakuna hata mmoja unaoingia kwa mtoto! Seli za ngozi zinamwaga sukari na asidi amino, zile zinazojenga protini, kwenye kanafasi kembamba, na seli za kiinitete zinavuta zenyewe. Mi hapo nilisimama kusoma nikatoka nje kidogo.

Ganda likiwa changa ukilifungua unakuta kambegu kana maji maji ndani, ile ni endospamu, mtoto anaila mpaka inakwisha. Kipindi hicho seli zake zinagawanyika tu, hazijaweka akiba ya maana. Baadaye zinaacha kugawanyika zinaanza kunenepa. Sukari inageuzwa wanga na kupakiwa punje punje kwenye vifuko vinaitwa amiloplasti. Protini inatengenezwa kwingine ndani ya seli halafu inasafirishwa kwenda kuhifadhiwa kwenye vakuoli, mifuko ya ndani ya seli, mwanzoni zina maji, mwishoni unakuta vifuko vidogo vidogo vingi vimeshindiliwa protini. Iliyo kuu kwenye maharage inaitwa faseolini, yenyewe tu ni karibu nusu ya protini yote ya punje. Ile protini tunayosema maharage ni nyama ya mkulima, ndo hiyo, mtoto alijiwekea.

Nikanunua kichupa cha iodini duka la dawa, ile inayogeuka nyeusi ya bluu ikigusa wanga, nikakata punje changa na punje iliyokomaa nikadondoshea. Changa ilibaki kahawia na madoa machache, iliyokomaa ikawa nyeusi ya bluu papo hapo. Nilimwita mama mkubwa aje aone.

Mahindi ni habari nyingine, kule wanga unakaa kwenye endospamu nje ya kiinitete na kile kiini ndo kina mafuta mengi, ndo maana dona linawahi kuchacha kuliko sembe. Alizeti nayo inajaza mafuta kwenye kotiledoni.

Sasa kosa langu lilikuwa kwenye yale majani mabichi. Haragwe likikaribia mwisho linavunja protini ya majani yake lenyewe na kupeleka asidi amino zake kwenye punje, njano unayoiona shambani ni mama anajimaliza kwa ajili ya watoto. Nilipong'oa nilikata ziwa katikati ya hiyo kazi. Halafu seli zikishajaa bado kuna kukauka, punje inapoteza maji taratibu, na kuna homoni inaitwa asidi ya absisiki inayozuia kiinitete kisiote kikiwa bado ndani ya ganda na kukiandaa kuvumilia ukavu. Mimi nilikiharakisha juani kabla hakijajiandaa, ndo maana hata mbegu hazikuota vizuri.

Msimu huu alikuja mnunuzi mwingine majani yakiwa kijani nikamwambia arudi baadaye, hakurudi, sawa tu. Nilingoja majani yadondoke, maganda yakauke yalie ukiyatikisa, ndo tukang'oa. Juzi tumepura, mama mkubwa akachukua punje moja turubaini akaiuma, ikalia ta, haikuacha alama ya jino. Akaanza kuchagua za mbegu.