Pleti namba ya Bach: anza na sheria za jimbo, muziki ufuate

Wengi wanaotaka pleti namba ya gari ya kujichagulia, yenye ladha ya muziki wa klasiki, huanza na neno wanalolipenda, kisha wanahangaika kulipunguza mpaka lienee. Kwa Marekani, geuza utaratibu huo: soma kwanza sheria za jimbo lako. California inaruhusu alama (herufi au tarakimu) 2 hadi 7. New York inafika 8, ila nafasi tupu nayo inahesabiwa. Massachusetts mwisho ni 6, na tarakimu lazima zikae nyuma ya herufi, kuchanganya hakuna.

Majina matupu kama BACH au CHOPIN usitegemee kuyakuta wazi katika jimbo lenye magari mengi. ALLEGRO na ANDANTE yana herufi 7 kamili, kwa hiyo nayo hugombaniwa. LARGO, yaani mwendo wa polepole sana, bado ni mzaha mzuri kwa gari kuukuu linalopanda mlima likihema.

Utamu wenyewe uko kwenye namba za katalogi, yaani orodha ya kazi zote za mtunzi. Kazi za Mozart zina K, kutokana na katalogi ya Ludwig von Köchel ya mwaka 1862. Za Bach zina BWV, mpangilio uliochapishwa na Wolfgang Schmieder mwaka 1950. Schubert ana D, Vivaldi ana RV. Hivyo K626 ni Requiem, D759 ni ile simfoni isiyokamilika, na BWV988 ni Goldberg Variations. Hukati irabu hata moja; anayejua atatabasamu kwenye foleni, asiyejua ataona namba ya gari tu.

Tatizo ni kwamba kompyuta ya jimbo nayo huona namba ya gari tu. BWV1007, yaani suti ya kwanza ya Bach ya selo, ni herufi tatu na tarakimu nne. Pleti za kawaida za New York, Texas na Virginia zina umbo hilohilo, na mchanganyiko unaofanana na mfululizo wa kawaida mara nyingi hukataliwa. California ni afadhali, maana namba zake za kawaida huanza na tarakimu. Massachusetts BWV1007 inazidi kwa alama moja, lakini BWV988 inaenea na mpangilio wake unakubalika. OP27NO2 (opus 27, namba 2), sonata ya Beethoven inayoitwa ya Mbalamwezi, inatosha kwenye alama 7. Massachusetts haipiti, kwa sababu inazidi kwa alama moja na tarakimu zimeingia katikati ya herufi.

Hiyo OP27NO2 ina kasoro nyingine: herufi O mbili. Majimbo mengi huhesabu O na sifuri kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mwenye sifuri akikutangulia, umekosa. Kamera za barabara za kulipia nazo huzichanganya, na bili inaweza kwenda kwa mtu mwingine, au ya kwake ikaja kwako. Mimi ningechagua K626 kuliko chochote chenye OP.

Wanaopenda mafumbo wana DSCH. Katika noti za Kijerumani, S ni E flati na H ni B ya kawaida. Mtunzi wa Kirusi Shostakovich alijitia sahihi kwa noti hizo nne, na zimejaa katika kwateti yake ya nane ya mwaka 1960. FAE, noti tatu za sonata ambayo Brahms, Schumann na Dietrich walimtungia mpiga fidla Joachim mwaka 1853, ni fupi zaidi.

Jihadhari na 88. Piano ina vibonyezo 88, lakini Wanazi mamboleo hutumia namba hiyo kama ishara, H ikiwa herufi ya nane, yaani HH, "Heil Hitler", na wakaguzi wanaijua. Hata BWV988 inaweza kuulizwa. California inakutaka ueleze maana kwenye fomu: usiandike "muziki", andika jina la mtunzi, katalogi na kazi yenyewe.

Tovuti ya jimbo ikionyesha kuwa namba iko wazi, hiyo bado si idhini. Ukaguzi hufuata, na hata pleti iliyokwisha kutolewa inaweza kurudishwa watu wakilalamika. Ada hutofautiana sana: Virginia ni dola 10 za ziada kwa mwaka. Siku unapofunga pleti mpya, badilisha namba kwenye bima na kwenye akaunti ya barabara za kulipia siku hiyohiyo. Akaunti ikibaki na namba ya zamani na kifaa cha malipo kilichomo garini kisiposomeka, utatozwa kama mtu asiye na akaunti, pamoja na faini.