Siku Tulipoyarudisha Mafuta ya Maganda

Mvua za msimu ule ziliwahi Mtwara, na kufikia Januari gari la tangi lilikuwa haliwezi tena kufika nyuma ya kiwanda. Tangi letu la akiba lilijengwa mita 120 kutoka kwenye matanuri kwa kuhofia moto, na njia ya kuliendea ilikuwa ya udongo mwekundu mtupu. Ndani yake mlikuwa na lita 30,000 hivi za mafuta ya maganda ya korosho, yameshauzwa, na siku ya kupakia bandarini imeshapangwa. Mbele ya kiwanda palikuwa na sakafu ya zege, gari lingesimama hapo bila shida. Lakini bomba lililounganisha mbele na nyuma lilikuwa moja tu, la inchi 3, na pampu yake ilisukuma upande mmoja: kutoka shimo la kutuliza mafuta kwenda tangini. Agizo tulilopewa lilikuwa fupi: ifanyeni pampu irudishe.

Hapakuwa na pampu nyingine ya kuazima. Daraja la Rufiji lilikuwa bado halijajengwa (lilikuja kufunguliwa 2003), na masika kitu kilichoagizwa Dar es Salaam kilifika kikipenda. Tuliyokuwa nayo ni pampu ya mvuke ya zamani, iliyonunuliwa kutoka shamba la mkonge upande wa Lindi, ambako ilikuwa ikivuta maji. Ni ile aina ya Henry Worthington wa Marekani, iliyobuniwa karne ya 19: pampu mbili pacha zimelala ubavu kwa ubavu, kila moja ina silinda ya mvuke upande huu na silinda ya mafuta upande ule, na pistoni mbili zimefungwa kwenye rodi moja. Haina gurudumu wala ekseli. Rodi ya pacha mmoja ndiyo inayosogeza vali ya mvuke ya mwenzake, kwa mkono wa chuma unaoyumba katikati.

Vipimo vyake vilikuwa silinda ya mvuke milimita 150, ya mafuta milimita 100, mwendo wa pistoni milimita 150. Kwa kuwa eneo la pistoni ya mvuke ni mara 2.25 ya lile la mafuta, mvuke wa bar 5 (bar ni kipimo cha presha) ungeweza kufikisha presha ya bar 11 kabla pampu haijasimama yenyewe. Na kila mzunguko kamili, yaani pacha wote wawili kwenda na kurudi, ulitoa lita 4 na nusu, ukishatoa nafasi inayokaliwa na rodi. Hesabu hizi nazitaja kwa sababu baadaye ndizo zilizotuokoa.

Nusu siku ya kwanza ilipotea kwenye wazo ambalo kila mtu hulipata kwanza. Fundi mkuu aliona kwamba mvuke ukiingilia pale unapotokea, pampu itakwenda kinyume. Tukabadilisha mabomba: la mvuke mpya tukalifunga kwenye mdomo wa kutolea, la kutolea tukalifunga kwenye kisanduku cha vali. Tulipofungua, pampu haikusogea hata kidogo. Mvuke ulivuma ndani kama upepo wa baharini na kutoka upande wa pili.

Mzee wa boila alikuwa amesimama mlangoni. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza tunataka nini, tukamweleza.

"Wanangu," akasema, "mvuke hauchagui njia ya mafuta. Mvuke kazi yake ni kusukuma rodi, na rodi inakwenda na kurudi, basi. Wanaochagua njia ni wale wanane."

Wanane aliowasema ni vali za upande wa mafuta. Kila silinda ya mafuta ina vali nne: mbili za kunyonya chini, mbili za kutolea juu, moja ya kila aina kwa kila upande wa pistoni. Kila vali ni kisahani cha shaba kilichokaa juu ya kiti chake kwa uzito wake na springi ndogo, kinainuka mafuta yakitoka chini na kujifunga yakitaka kurudi. Zamani visahani vilikuwa vya mpira, vikabadilishwa kwa sababu mafuta ya korosho huulainisha mpira. Kwa hiyo pistoni ianze kulia au ianze kushoto, mafuta yataingilia chini na kutokea juu, siku zote. Na kuzipindua vali zenyewe haiwezekani, maana viti vyake vimetengenezwa kupokea kisahani kwa juu tu. Ukikigeuza kitaning'inia hewani.

Na kwa nini mvuke ulivuma bila kusukuma? Vali ya mvuke ya pampu hii ni kama kibakuli kilichofunikwa kifudifudi juu ya matundu ya mvuke. Mvuke mpya ukiwa mgongoni mwake ndio unaokigandamiza kwenye uso wake. Ukiuingiza mvuke chini yake, kupitia tundu la katikati la kutolea, unakiinua, na matundu yote yanakuwa wazi kwa wakati mmoja.

Tulirudisha mabomba ya mvuke yalivyokuwa. Lakini katika pekuapekua mtu alikuwa amezilegeza nati za rodi za vali, na pampu sasa ilipiga hatua fupi, kisha ikakwama. Ikabidi kuzipanga vali upya, kazi ambayo mzee aliisimamia neno kwa neno, na ambayo naona vijana wengi wa karakana hawajawahi kuifanya.

Unafunga mvuke na kufungua koki za chini za silinda. Unaisukuma rodi kwa mtaimbo mpaka pistoni iguse kifuniko cha mwisho, unaitia alama usawa wa glandi, yaani pale rodi inapopita katika kifuniko ikiwa imezibwa kwa pakingi isivuje. Unaisukuma mpaka mwisho wa pili, alama nyingine. Katikati ya alama hizo unatia ya tatu, na hapo ndipo unapoileta rodi. Mkono wa kuyumba lazima usimame wima kwa timazi. Ndipo unafungua kisanduku na kukiweka kibakuli katikati, kifunike matundu yote mawili ya mvuke sawasawa, na nati uziache na mchezo, yaani nafasi tupu, ulio sawa pande zote mbili. Matundu yetu yalikuwa na upana wa milimita 10, mchezo tukauweka milimita 5 kila upande. Mchezo ukiwa mdogo, pampu itapiga hatua fupi. Ukizidi, pistoni zitagonga vifuniko. Kisha pacha wa pili vivyo hivyo.

Tulikuwa tayari kufunga kifuniko mzee alipouzuia mkono wangu. Vali zote mbili zikiwa katikati, matundu yote yamefunikwa, na mvuke hauna pa kuingilia. Lazima usogeze kibakuli kimoja pembeni kwanza. Baada ya hapo pampu haitakwama kamwe, maana pacha mmoja anapofika mwisho wa safari, vali ya mwenzake huwa iko wazi.

Sasa mafuta. Kama pampu haigeuki, kinachogeuka ni mabomba. Tulikata bomba pande zote mbili za pampu na kuunda fremu yenye geti vali (vali za kufungua na kufunga kwa mkono) nne za inchi 3, tukazipaka namba. Namba 1 ilitoka bomba la shimo kwenda mdomo wa kunyonya. Namba 2 ilitoka mdomo wa kutolea kwenda bomba la tangi. Hizo ndizo za siku zote. Namba 3 ilitoka bomba la tangi kwenda mdomo wa kunyonya, na namba 4 kutoka mdomo wa kutolea kwenda bomba la shimo, ambalo tulilitoboa na kulitia tawi lenye hozi ya kujazia gari. Ukifungua 1 na 2, mafuta yanakwenda tangini. Ukifungua 3 na 4, yanarudi. Ukikosea ukafungua 1 na 4 pamoja, pampu inajinywea mafuta yake, inakwenda mbio na hakuna kinachofika kokote. 2 na 3 ni yale yale. Tulizifunga 1 na 2 kwa mnyororo na kufuli wakati wa kurudisha. Na kubadilisha ni mvuke ukiwa umefungwa na pampu imesimama, hakuna haraka inayostahili kufanya vinginevyo.

Fremu ilituchukua siku mbili, kuchomelea na kukata gasketi. Kilichotutaabisha ni vitu vyenye uso, yaani vile vinavyojua mbele na nyuma. Chujio lilikuwa kwenye bomba la shimo, nje ya fremu. Kwa namna ile, mafuta ya kurudi yangelipitia kinyume na kumwaga vipande vyote vya maganda ndani ya gari la mteja, huku pampu ikinywa mashapo ya tangini bila kinga. Vali ya usalama ilikuwa kwenye bomba la tangi, mahali ambapo sasa pangekuwa upande wa kunyonya: isingelinda chochote, na upande wa hozi ungebaki wazi kwa bar 11. Vyote viwili tukavihamishia ndani ya fremu, chujio kati ya fremu na mdomo wa kunyonya, vali ya usalama, iliyopangwa bar 4, kati ya mdomo wa kutolea na fremu. Ndani ya fremu mafuta hayageuki kamwe. Chupa ya hewa ya kupunguza mishtuko tayari ilikuwa mahali pake, juu ya mdomo wa kutolea.

Siku ya nne asubuhi tulipasha moto silinda dakika 15, koki za chini zikiwa wazi mpaka maji yote yatoke na mvuke mkavu uonekane. Maji yakibaki ndani hayabinyiki, na kifuniko cha chuma cha kusubu hupasuka. Tulifungua 3 na 4, tukafungua mvuke taratibu. Pampu ilipiga hatua kumi hivi vizuri, kisha pistoni zikaanza kuruka na kugonga.

Kwenye guu la tangi kulikuwa na cheki vali ambayo hakuna aliyeikumbuka, ya kuzuia mafuta yasirudi. Tuliyokuwa tukiyataka ndiyo iliyokuwa ikiyakataa. Tuliifunga geti vali ya tangi, tukafungua kifuniko cha cheki vali, tukautoa ulimi wake, tukafunga tena.

Kazi ile yote tuliifanya tukiwa tumejifunga vitambaa na kujipaka mafuta ya mbarika mikononi, kama akina mama wa kubangua. Mafuta ya maganda yakigusa ngozi huichoma na kuibabua, na jicho usiseme. Kijana mmoja aliyejifuta jasho kwa mkono alikaa wiki mbili na shavu lililotoka malengelenge.

Tulipowasha tena mafuta yalikuja, lakini kila tulipofikisha mizunguko 20 kwa dakika kugonga kulirudi. Hapo ndipo zile hesabu zilipokuwa na kazi. Pampu ikisukuma, mita 120 za bomba hazina neno, maana nyuma yake kuna bar kadhaa za kutumia. Ikivuta, bomba lile lile refu limehamia upande wa kunyonya, na kinachoyaleta mafuta si pampu tena, ni uzito wa hewa, ambao ni bar 1 tu, pamoja na kina kilichomo tangini. Kwa mafuta mazito, lita 90 kwa dakika zilikuwa zinakula zaidi ya nusu ya hiyo bar njiani. Silinda haikuwahi kujaa, pistoni ikapita kwenye utupu na kulikuta fungu la mafuta kwa kishindo. Tukaishusha mpaka mizunguko 10, lita 45 kwa dakika, na ikatulia.

Ilibaki kugonga kidogo, bila mpango, na hiyo ilikuwa hewa. Flenji, yaani kiungo cha bomba kinachokazwa kwa bolti, isiyovuja chini ya presha huweza kunyonya hewa, na hutaona tone hata moja. Tulipita flenji moja moja na grisi nzito, tukiipaka pande zote za mwunganiko. Ya saba kutoka tangini iliimeza grisi tukiangalia. Tulikaza bolti zake nne kwa kupishana, na glandi za rodi upande wa mafuta tukazikaza robo mzunguko tu, kwa kuwa pakingi ikibanwa mno huungua na kuikwangua rodi.

Kujaza magari mawili kulichukua saa 13 hivi. Mzee wa boila alikaa na pampu muda wote, akijaza chupa ya mafuta ya silinda na kuhesabu mizunguko kwa saa yake ya mkononi, boila ikilishwa maganda makavu ya korosho. Kadiri kina cha tangi kilivyoshuka ndivyo alivyopunguza mvuke, 10, 8, mpaka 6 saa za mwisho, maana uzito wa mafuta uliokuwa ukitusaidia kusukuma ulikuwa unakwisha. Usiku wa manane aliposikia pampu inavuta hewa alifunga mvuke mwenyewe, akafungua koki, akaniita.

"Mjomba, fungua chujio."

Mlikuwa na ndoo nzima ya maganda na matope meusi.