Koma iliyotaka kumgeuza dereva mwongo

Wiki jana hapa Malaba mpakani dereva mmoja wa trela aliingia steshenari yangu na karatasi imekunjwa mara nne, akaniambia dada nitaipie hii haraka bosi anaisubiri. Ilikuwa barua ya kujieleza kwa nini gari lilibaki peke yake kwenye foleni usiku kucha. Sentensi ya tatu ilisema hivi: "I did not leave the truck, because I was tired."

Nikamuuliza, kaka, gari uliliacha au hukuliacha? Akasema niliacha dada, ila sio uchovu, mtoto alikuwa amelazwa Tororo.

Sasa ona hiyo koma ilivyomfanya. Ikikaa kabla ya because, msomaji anaelewa kwamba gari hakuliacha kabisa na sababu ni uchovu, yaani anakana kitu ambacho bosi tayari anakijua. Tukaitoa, tukaandika "I did not leave the truck because I was tired. I left because my child was in hospital." Kwa mdomo sauti ingemuokoa, karatasi haina sauti.

Because ikiwa katikati kwa kawaida haitaki koma. Ikianza sentensi ndio unaweka, pale sababu inapoishia: "Because my child was sick, I left."

And, but, so na or ni habari nyingine, na hapa ndipo naona watu wengi wanateleza na nadhani Kiswahili chetu kinachangia. Sisi mtendaji tunambeba ndani ya kitenzi, nilifika, nikasubiri, kila kimoja kinasimama chenyewe, kwa hiyo ukihamia Kiingereza unaona kila kitenzi kinastahili koma yake. Lakini "I reached Malaba and waited" haina koma kwa sababu waited haina mwenyewe, bado inamtegemea yule I wa mwanzo. Mpe mwenyewe, koma inakuja: "I reached Malaba, and the officer waited." Na inakaa kabla ya and, sio baada. Hizi "But, I was sick" nazifuta kila siku.

Halafu ile "Although I was sick, but I drove"! Kwetu ingawa na lakini zinakaa pamoja vizuri tu, Kiingereza kinataka moja. Toa but, koma iache.

Wakati mashine inapata moto nikamsimulia kisa cha madereva wenzake wa kampuni ya maziwa huko Maine, Marekani. Sheria yao ya ovataimu ilitaja orodha ya kazi ambazo hazilipiwi, na mwishoni ikasema "packing for shipment or distribution" bila koma kabla ya or. Je, kusambaza ni kazi ya peke yake au ni kufunga mizigo kwa ajili ya kusambaza? Wao walikuwa wanasambaza, hawafungi, kwa hiyo kama maana ni kufunga tu, ovataimu wanastahili. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema sheria haieleweki wazi, ikaamua upande wa madereva, na 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniomba dada, kabla hujaprinti nisomee yote tena, polepole, na kila koma uniambie iko wapi.