Mpwa wangu kacheka PES 6, kisha kala tano

Jumamosi nimefufua PS2 yangu, ile mashine ya gemu ya zamani, nikaweka PES 6, gemu ya mpira. Mpwa wangu ana miaka 14, kakulia gemu ya mpira ya siku hizi, EA Sports FC, akaangalia sura za wachezaji akaniuliza, "Anko, hawa ni watu au vinyago?" Nikanyamaza, nikachukua Inter. Ile gemu ni ya 2006 na mguu wa kushoto wa straika wao Adriano bado haujapoa: mita 30 kutoka golini unabonyeza tu, kipa anaokota wavuni. Tano bila. Akaomba marudiano mara nne, tena bila kucheka.

Haki yake nimpe. Za sasa wachezaji wanakimbia kama binadamu kweli, na beki hapitwi kijinga. Ila ya kwake nyingine, sitaitaja, ilitaka sasisho ndipo ifunguke. Bando langu la wiki likaishia hapo! Zamani ulikuwa unafuta CD kwa fulana, unacheza. (Ikigoma, unageuza mashine juu chini na kuomba dua.)

Usiku tukaingia gemu nyingine ya zamani, GTA San Andreas. Kodi za GTA (zile za kuchiti) nilizoandika nyuma ya daftari la Hisabati, vidole bado vinazikumbuka. Lakini ile misheni ya kufukuza treni kwa pikipiki, mshikaji wako Big Smoke kakaa nyuma anapiga risasi hewani, imenishinda leo kama ilivyonishinda enzi zile kule kibanda cha gemu. Dogo kaipita mara ya pili.

Nyie iliwachukua mara ngapi? Msidanganye.