Nilivyoufuata Mzizi wa Bibi Emily

Tuliondoka Alice Springs, katikati ya Australia, alfajiri, mimi na mwenyeji wangu, tukashika Stuart Highway kwenda kaskazini. Kama kilomita 70 mbele tukakunja kulia, na haikupita muda lami ikatuaga: Sandover Highway, jina kubwa, barabara ya vumbi. Kibali cha kuingia ardhi ya wenyeji asilia huko Utopia sikuwa nacho, nilichelewa kuomba, kosa langu. Kwa hiyo tulijua tutageuzia njiani. Mimi nilitaka kuuona ule udongo tu.

Aliyenivuta huko ni mchoraji marehemu Emily Kame Kngwarreye, wa kabila la Waanmatyerr, wenyeji asilia wa huko, aliyezaliwa Alhalkere, hukohuko Utopia, mnamo 1910 hivi. Aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mifugo ya Wazungu. Mwaka 1977 akaanza batiki pamoja na wanawake wenzake, nta ya moto na vitambaa. Turubai alilishika mwishoni mwa 1988, akikaribia miaka 80. Alipofariki mwaka 1996 alikuwa ameacha picha zinazokadiriwa kufika 3,000. Piga hesabu mwenyewe: karibu moja kila siku! Turubai aliliweka chini na kukaa kitako, na kilichopatikana kikaliwa na ukoo mzima.

Kando ya kijito kikavu mwenyeji akasimamisha gari. "Dada, tazama hapa."

Mmea wenyewe ulikuwa unatambaa, hauna makeke. Nikachuchumaa. Majani matatumatatu kwenye kikonyo kimoja... lakini hizi si kunde? Kumbe sikukosea sana. Ni ukoo mmoja na kunde zetu, ila huu watu huufuata chini, kwenye viazi vyembamba vilivyonenepa mizizini. Kiazi kikikomaa udongo juu yake hupasuka, na wanawake huzisoma nyufa hizo kabla ya kuchimba. Jina la Kame ndilo hilohilo: mbegu ya kiazi hiki. Tangu hapo sikumuuliza mtu tena picha zake "zina maana gani". Yeye mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba ni vyote kwa pamoja.

Wiki iliyofuata nikawa Melbourne, kwenye jumba la sanaa la NGV (National Gallery of Victoria), mbele ya picha yake kubwa ya kiazi ya mwaka 1995. Upana mita nane, kimo karibu tatu. Weusi mtupu, na juu yake mstari mweupe unaopinda, unaokatana, unaorudi. Aliimaliza kwa siku mbili. Wengine huiona kuwa ni mistari ya michoro ambayo wanawake hujipaka kifuani kwenye ngoma zao. Mimi, macho yangu yalikuwa bado kijitoni.

Nikachagua mzizi mmoja pembeni kushoto, nikaufuata. Mahali fulani rangi inafifia, kisha inakolea ghafla: hapo bibi alichovya brashi upya. Nikaendelea, nikapotea kwenye fundo, nikarudi mwanzo. Mara ya tatu nilikuwa nimeinama, pua karibu iguse turubai, mlinzi akakohoa.