Saa za Maji Kujaa Hazimo katika Hati ya Mshahara

Ndugu zangu, nimepokea hati ya mshahara wa mwezi uliopita na saa zote nilizozuiliwa na maji Sunderland Point hazimo. Kijiji hiki kidogo cha Lancashire, Uingereza, kiko kwenye mlango wa mto Lune, na barabara yake pekee, inayotoka Overton, hufunikwa na bahari maji yanapojaa, mara mbili kwa siku. Mimi huenda huko kikazi kumhudumia bibi mmoja asiyejiweza. Zamu ikiisha wakati maji yamejaa, siwezi kutoka wala kumwahi mgonjwa anayefuata, na kampuni iliyoniajiri inasema huo ni muda wangu binafsi.

Mimi ni mzaliwa wa Kilifi. Bamvua, yaani maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo, nayajua tangu utotoni. Lakini bamvua ya kwetu hupanda mita 4 hivi, ilhali ya ghuba hii ya Morecambe hufikia mita 10, na kwa kuwa mchanga umetandaa tambarare, maji huja mbio na kukuzingira kwa nyuma. Tarehe 5 Februari 2004, vibarua wahamiaji wasiopungua 21 kutoka China walikufa maji katika ghuba hiyo, usiku, wakichimbua kombe mchangani kwa malipo duni. Kwa hiyo msimamizi anaponiambia kwa simu nijitahidi kupita, simsikilizi.

Wakati wa kusubiri maji yapungue, mimi hutembea hadi kwenye kaburi lililo peke yake upande wa magharibi, la kijana mweusi aliyeletwa hapa akiwa mtumishi na kufa mwaka 1736, enzi ambazo mji jirani wa Lancaster ulikuwa ukiingia katika biashara ya watumwa. Alizikwa nje ya ardhi ya kanisa kwa sababu hakubatizwa, na maandishi ya kumkumbuka yaliwekwa mwaka 1796 tu, tena kwa jina la kubandikwa, kwa kuwa jina lake la kuzaliwa halikuhifadhiwa. Hata hivyo kaburi hilo halijatelekezwa: watu huliwekea maua, na watoto huacha mawe waliyoyapaka rangi. Nami humwombea dua kwa Kiswahili.

Unayetaka kuja, fahamu kwamba tangu Julai 2025 Uingereza haitoi tena viza mpya za uhudumu wa wazee kwa waombaji walio nje ya nchi. Wakala anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuibia. Na kwa kazi yoyote nyingine, kabla ya kutia sahihi, uliza kama muda wa safari na wa kusubiri unalipwa, na jibu ulipate kwa maandishi.

Jirani wa yule bibi, mzee aliyewahi kuwa mvuvi, aliposikia habari hii hakunipa pole tu. Alichukua jedwali lake la maji, akaniandikia kila siku ya zamu zangu barabara ilifunikwa saa ngapi na ikafunguka saa ngapi, kisha akatia sahihi. Madai yangu yamekwenda ofisini pamoja na karatasi hiyo, na sitakubali kujibiwa kwa simu.